Vidudu vya Haji Havili Kijani

Jumatano. Alfajiri imepita mvua ndogo, halafu jua likatoka kali na fleti nzima ikawa fukuto tupu. Nimekaa chini, mgongo ukutani, kompyuta mapajani. Nnaandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, na nikilia mama naye atalia, na tukilia sote wawili nani atamletea mwenzake maji?

Mnaonijua humu mnajua nilikuwa naandika habari za kazi: samaki, matangi, mwani, na kumsema mume wangu, Haji. Tangu Haji afariki sijagusa ukurasa huu. Baadhi yenu mlinitumia salamu za pole na sikujibu. Niwieni radhi, sikuwa na neno.

Leo nnalo, na si zuri.

Niko kwenye eda. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, na hakai na mwanamme asiyekuwa maharimu wake. Mimi nakaa fleti yetu hapa Michenzani, ghorofa ya juu, pamoja na Bi Mgeni, mama yake Haji, nami namwita mama, aliyekuja kutoka Bwejuu siku ya maziko na hakurudi tena. Haji alikuwa mwanawe wa pekee. Mimi na Haji hatukujaaliwa mtoto. Basi ndani ya nyumba hii tumo wanawake wawili, kila mmoja anasikiliza mlango kama mjinga.

Na tulikuwa na vidudu.

Sina jina zuri zaidi. Kitaalamu vina jina refu, na Haji alikuwa akilitamka vizuri sana mbele ya wageni ili aonekane msomi, lakini nyumbani vilikuwa vidudu tu. Kazi yetu sote wawili ilikuwa kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga wa samaki. Samaki mchanga hali unga wala chakula cha dukani. Akishamaliza kiini cha yai alichotoka nacho, anataka kitu kinachotikisika mbele ya jicho lake, tena kidogo cha kuenea mdomoni. Ndiyo maana tunafuga vidudu vya baharini, vidogo hata ukiinua chupa kwenye mwanga unaona vumbi tu linalorukaruka. Navyo vinataka kula, na chakula chao ni mwani. Si mwani ule wanaoulima akina mama wa Bwejuu na kuuanika, la. Huu ni wa chembechembe, huuoni ila kama rangi ya maji. Kwa hiyo sisi tulikuwa tukilisha vidudu vinone, ili vikinona viliwe.

Hilo la kuliwa nilikuwa nikilisema miaka yote bila ya kulifikiria.

Haji alivichota mwenyewe mikokoni, huko Chwaka, suruali kaikunja mpaka magotini, akarudi na ndoo na matope mpaka kwenye ndevu. Nikamwambia hivi ndivyo unavyoingia ndani ya nyumba ya watu? Hakunisikia. Alikuwa ameinamia ndoo anaizungumzisha.

Halafu tukaanza kugombana juu ya chakula chao. Kituoni tuna mwani wa aina mbili. Kuna wa kijani, unakua upesi, haufi ovyo, hata ukiusahau siku moja mbili unaukuta uko vile vile. Na kuna wa kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Huo una maringo. Joto likizidi unakufa, chombo kikiwa na uchafu kidogo unakufa, ukiutazama vibaya unakufa. Aliyekuwa akiulea ni mimi, kwa hiyo mimi nilikuwa upande wa kijani. Nikimwambia Haji, vipe kijani, vikiona njaa vitakula. Yeye akisema vidudu vyake vinachagua.

"Vinachagua kwa mdomo gani?" nikamuuliza.

Akachukua gilasi, akatia vidudu, akatia mwani wa kijani na wa kahawia sawa kwa sawa. Tukaenda kuswali Adhuhuri, tukala. Tuliporudi akanyonya kidudu kimoja kwa mrija, akakiweka chini ya hadubini, akaniita. Miili yao haina rangi, unaona mpaka ndani. Utumbo wa kile kidudu ulikuwa uzi mmoja wa kahawia kutoka juu mpaka chini. Kijani hamna. Akatoa chengine, hivyo hivyo. Na chengine. Vimekunywa chai, vimeacha mchicha.

Nikasema labda kijani kikifika tumboni kinageuka rangi, maana mimi si mtu wa kukubali kushindwa na mume. Haji akacheka mpaka akakaa chini.

Basi nikafanya jaribio langu mwenyewe, nikavipa kijani kitupu. Vilikula. Kwa shingo upande, lakini vilikula, na vikaishi. Ila majike hayakubeba mayai. Jike la kidudu hiki likiwa na mayai huyachukua kwenye vifuko viwili, kimoja kila ubavu, kama mtu aliyebeba mapakacha mawili. Kwenye kijani hukuona pakacha. Nikavirudishia cha kahawia, na baada ya siku chache majike yote yamebeba, yanaogelea kwa uzito. Nikamwambia Haji haya, umeshinda, usitangaze. Akatangaza kituo kizima.

Kwa kuwa hakuuamini umeme wa kituoni wala mikono ya watu, alileta akiba nyumbani. Chupa za vidudu na chupa za mwani wa kahawia, zote kwenye dirisha la chumba chetu cha kulala, na kipampu cha hewa cha kufugia samaki wa mapambo kinaguruma usiku kucha. Nililalamika sana. Nilisema nimeolewa na maji ya bahari.

Kisha ikaja ile Jumatatu. Presha. Alianguka asubuhi akiwa anavaa, na tulipomfikisha hospitali hakuwa nasi tena.

Sitaki kuiandika hiyo. Labda siku nyengine.

Wiki ile ya maziko kila mtu wa kituoni alikuwa msibani kwetu. Aliyebakishwa kuangalia matangi akavipa vidudu mwani wa kijani, kwa sababu ndio uliokuwa mwingi, na alipoviona vimelegea akavitilia hamira. Kuna vidudu vyengine pale hula hamira vikashukuru. Vya Haji haviwezi. Khatibu, mwenzetu wa kazi na rafiki wa Haji tangu skuli, aliporudi kazini alikuta tangi linanuka. Simlaumu yule mtu, alifanya alichokijua.

Kwa hiyo vidudu vya Haji vikabaki kwangu tu, dirishani, Michenzani.

Nilivilea. Wallahi nilivilea. Khatibu akiniletea dumu la maji ya bahari yaliyochujwa, analiweka mlangoni, anabisha, anarudi nyuma kwenye ukumbi wa ngazi, na Bi Mgeni anakwenda kulichukua. Mimi niko nyuma ya pazia nampa maelekezo, yeye yuko huko ananijibu, na mama katikati anatafsiri kana kwamba tunasema lugha mbili.

"Anasema maji yamechujwa mara mbili."

"Nimemsikia, mama."

"Anasema umesikia," mama anampelekea Khatibu.

Mwanzoni mama alikuwa akivitazama kwa shaka. Siku moja nikampa lenzi ya mkononi, nikainua chupa kwenye jua, nikamwambia angalia yale majike yenye mapakacha. Akaangalia muda mrefu. "Kumbe wana matumbo," akasema. Kuanzia hapo akawa haondoki dirishani. Anavisomea, anavipulizia, anavisalimia. Akiniuliza mwanawe alivipata wapi, alivishika vipi, alisema nini. Namwambia, na kesho anauliza tena, na mimi nasimulia tena. Sikuchoka kusimulia. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa akitaka kusikia kila kitu.

Sasa nifike kwenye tui.

Wiki iliyopita, siku ya kuamkia Ijumaa, mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza ili tumsomee Haji na kupeleka sahani kwa majirani. Mimi nilikuwa nimelala, kichwa kinaniuma. Nilipoamka asubuhi nikakuta chupa kubwa imekuwa nyeupe. Juu imeganda mafuta. Nikafungua kifuniko, nikanusa, nikajua. Mama alikuwa amevitilia tui. Tui la kwanza, zito, upawa mzima.

Chupa ile kubwa ndiyo niliyokuwa naikuza nimrudishie Khatibu waanze upya kituoni.

Nilipiga ukelele mpaka jirani wa chini akagonga. Nilimwambia umeviua, mama, umeviua vyote! Kasimama pale na kanga yake kichwani, hana pa kuweka mikono. Akasema, "Haji hakuwa akila kitu kisichokuwa na tui. Tangu mdogo. Nikaona nyinyi mnavinywesha maji ya rangi tu."

Nikakaa kitandani. Ni kweli, hakuwa akila. Hata ndizi mbivu alitaka ziungwe. Mimi mwenyewe nimemkunia mume huyu nazi za kujaza shamba.

Tukamwaga chupa. Zikabaki mbili ndogo. Mama hakuzigusa tena bila ya kuniuliza, na akawa mkali wa kahawia kuliko hata Haji. Nikichelewa kidogo kuvilisha ananiambia, "Maji yameshakuwa meupe, mwani umekwisha, vina njaa hivyo."

Ndiyo hali iliyokuwepo mpaka leo asubuhi.

Leo asubuhi Khatibu kapiga simu, sauti yake si ya kawaida. Tasi wametaga. Mayai yalinata kwenye ukuta wa tangi, yakaanguliwa, na yeye hakutaka kuniambia mpaka awe na hakika.

Lazima niseme samaki hawa, tasi, ni nini kwetu. Haji aliwaleta kituoni wakiwa wadogo wa kiganja, tulipokuwa tumeoana karibuni. Kila mtu Unguja anapenda tasi, na kila mwaka wavuvi wanasema wamepungua. Haji alitaka wazae kwenye tangi, aseme hawa hapa, tumewatoa kwenye yai. Aliwalea wakawa wakubwa, wakanona, hawakutaga. Aliwabadilishia maji, kivuli, chakula, hawakutaga. Kila mwezi ukiandama alikwenda kuwachungulia kama mtu anayesubiri habari za wodini. Kafa hawajataga. Sasa yeye yuko kaburini na wao wametaga, tena mayai mengi, tena salama.

Niliposikia nilifurahi, kisha nikakasirika, kisha nikamkasirikia Haji mwenyewe. Ungengoja basi! Ungengoja kidogo tu.

Khatibu akasema, "Shemegi, midomo imefunguka leo."

Hapo nikajua anataka nini. Kifaranga wa tasi ana mdomo mdogo sana, mdogo kuliko wa samaki wote tuliowahi kuwalea. Vidudu vya kawaida vya kituoni havimuenei. Kinachomuenea ni watoto wa vidudu vya Haji, wanapotoka tu yaini. Na akishafungua mdomo hana akiba. Asipopata kitu cha kula leo, kesho hana nguvu ya kukifuata hata ukimwekea mbele.

Nilimuuliza vipi mikokoni. Wenzao hawa wako tele kule, mtu achote tu. Akasema bamvua, yale maji makubwa, ni Ijumaa, maji sasa hivi hayafiki kule ndani wanakopatikana, wameshajaribu jana wakarudi na matope. Ijumaa watapata. Kati ya leo na Ijumaa hakuna kitu popote ila chupa zangu mbili.

Haya. Nikaweka simu, nikafanya kazi.

Watoto unawatenga na wakubwa kwa kuchuja. Nina chujio la kitambaa cha nailoni, matundu yake yanapitisha watoto na kuzuia wakubwa. Nikamimina taratibu, mama akishika bakuli. Wakubwa nikawarudisha chupani na maji mapya na mwani wao. Watoto nikawatia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Khatibu kaja, kabisha, karudi nyuma, mama kampa. Nikajiambia si vibaya. Mama zao wapo, mapakacha wanayo, wataangua wengine. Nikapika hata uji, nikanywa.

Baada ya Alasiri simu tena.

Sikutaka kuipokea. Niliitazama ikilia. Mama akasema pokea, huenda ni kheri.

Khatibu akasema vifaranga wamekula. Wanavirukia vile vitoto, wanavinyakua, matumbo yameshika rangi, ni jambo la kuona kwa macho. Lakini wamevimaliza. Tangi jeupe, halina kitu. Wanazunguka wanatafuta. Nikasikia pampu za kituoni nyuma yake. Halafu akasema anachotaka ni wakubwa. Majike yenye mayai, vyote nilivyo navyo, viingizwe kwenye tangi la vifaranga, viangue humo humo usiku huu na kesho, vifaranga wapate kusukuma mpaka Ijumaa.

"Sikulazimishi, shemegi," akasema. "Ukisema hapana nitafahamu, wala hatutalizungumza tena."

Ninachomchukia Khatibu ni huo wema wake. Angenilazimisha ningempigia kelele, na mambo yangekuwa mepesi.

Kasema atajaribu kunirudishia vitakavyobaki. Namjua, na tangi lile nalijua. Vikubwa vitachoka, vitafyonzwa na maji yanayotoka, vyengine vitaliwa na vifaranga wakishakua kidogo. Na Ijumaa vitamiminwa vya mikokoni juu yao. Vyote sura moja. Nani atajua kipi ni cha Haji? Kwa kituo si hasara, vidudu ni vidudu. Hata kwa akili yangu ya kazini si hasara. Ningekuwa sikufiwa ningekuwa nimeshavitoa tangu asubuhi, tena nikiimba.

Lakini vile vilikuwa uzao wa vilivyotoka kwenye ndoo yake. Alivichota kwa mikono yake. Nguo zake zimegawiwa sadaka, viatu kachukua binamu yake, simu imezimwa, upande wake wa kitanda analala mama. Kitu chenye uhai kilichobaki ndani ya nyumba hii kutoka kwa Haji kilikuwa kile.

Nilikaa mbele ya dirisha na nikawa na roho mbaya, naiandika kama ilivyokuwa. Nilisema moyoni, waache wafe. Tasi wangapi wamekufa na dunia haikusimama. Kwa nini kila kitu nitoe mimi? Nimetoa mume.

Kisha nikawaona, sijui kwa nini, wale vifaranga wanaozunguka. Hawana hata kope. Wana macho mawili meusi na mdomo wa leo. Haji angekuwa hapa hangeniuliza wala hangekaa kwenye kiti. Angeshachukua chupa zote mbili, anashuka ngazi na ndara moja mguuni.

Nikamwambia mama. Nilidhani atanielewa mara moja. Hakunielewa.

"Vyote?" akauliza.

"Vyote, mama."

"Bakisha japo kidogo."

Nikamweleza kwamba majike yenye mayai ni machache, nikigawa nusu huku na nusu kule vifaranga hawatashiba, watakufa, na vitakavyobaki kwangu vitakuwa nimevibakisha kwa ajili ya kuvitazama tu. Akasema yeye anataka kuvitazama. Akasema hana picha ya Haji inayotikisika, yeye simu za kisasa hazijui, ila hivi anavijua. Akasema, "Nimekwishaua chupa moja, mwanangu. Usinifanye nitoe na hizi kwa mkono wangu."

Kwani nani mwengine angezitoa? Mimi siwezi kutoka pale mlangoni, Khatibu hawezi kuingia. Ni lazima zipite mikononi mwake.

Alipobisha, mama alizichukua chupa zote mbili kifuani, akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Mimi niko nyuma ya pazia, naona mgongo wake tu na visigino vyake. Khatibu akasalimia, shikamoo. Akaitikia marahaba. Halafu hakunyoosha mikono. Huko chini mtu alikuwa akiita muuza vitumbua, na mimi nikawa nahesabu pumzi zangu nisije nikatokeza kichwa nikaharibu.

Mwisho mama akauliza, "Samaki hawa ndio wale alokuwa akinambia Haji? Wale waliokataa kutaga?"

"Ndio wale wale, Bi Mgeni."

"Wamezaa kweli?"

"Wamezaa. Nimewaacha wana njaa."

Sauti ya Khatibu ilikatika hapo kwenye njaa. Mtu mzima, ana ndevu, anafundisha vijana. Nikaona mabega ya mama yanashuka, na mikono yake ikaenda mbele.

"Usivitilie kijani," akamwambia. "Mwanangu hakuwa akivipa kijani. Havizai kwa kijani. Vipe cha rangi ya chai, na ukiona maji yamekuwa meupe ujue vishamaliza. Na tui usithubutu."

"Naam, bibi."

"Nakwambia usithubutu. Vinakufa."

"Naam."

Akafunga mlango. Akapita mbele yangu bila ya kunitazama, akaingia jikoni, akafungulia maji ya bomba, na hakuwa akiosha chochote. Nilimwacha. Na mimi nilikwenda chooni nikafungulia langu.

Sasa hivi nimeshaswali Magharibi. Khatibu ametuma video. Taa ya mkononi, maji meusi, na ndani yake vijiti vidogo vya kioo vinavyoruka, na kila kijiti kina doa la kahawia tumboni. Chakula cha Haji ndani ya vidudu vya Haji ndani ya samaki wa Haji. Nimeitazama mara nyingi. Nimempelekea mama simu, nimemshikia, akavaa miwani. Akauliza lile doa ni nini. Nikamwambia ndivyo vyenyewe, mama. Vishaliwa. Akaniuliza kama viliumia. Nikasema havikuumia, na wala sijui.

Nilitaraji nitakuwa nimetulia. Watu husema ukifanya jambo la sawa moyo unatulia. Wangu haujatulia, unauma pale pale, tena leo unauma kama siku ya kwanza, maana leo nimemzika mara ya pili na safari hii nilikuwa na uwezo wa kukataa. Nashukuru nilifanya. Ningepewa tena ningefanya tena. Na sitaki mtu aniambie hongera.

Kipampu nimekizima. Sikujua nyumba hii ina kimya namna hii.

Dirishani zimebaki chupa za mwani tu. Unakua, haujui kitu. Leo umepata jua zuri, kesho utakuwa umekoza vizuri kabisa, rangi ile aliyokuwa akiipenda Haji, na hakuna wa kuula. Nimefikiri niumwage. Nimefikiri nimtumie Khatibu. Nimefikiri, nikitoka eda, niende mwenyewe Chwaka na ndoo. Halafu nikajiuliza nitavichota vidudu, au nitakuwa namchota mtu?

Mama kapita sasa hivi na udhu wa Isha, kaniona naandika. Ameniuliza, kama kawaida yake, aniamshe mapema tuvilishe? Kisha kakumbuka. Nimeona uso wake unakumbuka.

Nimemwambia niamshe, mama. Niamshe hivyo hivyo.